Tulipolijaribu Gari Njia ya Susuni

Leo nimeachwa nikiwa kwenye usukani, gari linatembea.

Mume wangu, Baba Rhobi, alikuja jana kutoka Mugumu, anakofanya kazi. Akasema amepata gari dogo la kununua, fupi lakini limeinuka kama jipu, twende tukalijaribu.
Nikafurahi, jamani.

Mwenye gari akakaa nyuma, mimi nikaendesha. Kwenye lami ya kwenda Sirari lilienda vizuri, breki zinashika. Tukaingia vumbi la Susuni. Mashimo yote likapita bila kugusa chini.

Nikamwambia mume wangu, "Ila nyuma ni padogo. Watoto watatu na mabegi, tutabanana."

"Mtatosha," akasema. "Mtakuwa wanne tu."

"Na wewe?"

Akaangalia nje dirishani.
"Mimi nabaki Mugumu, Mama Rhobi. Nina mtu kule. Hili ni lenu."

Mwenye gari akakohoa kidogo.

Sikulia. Hata mwendo sikupunguza. Nikasikia sauti yangu inauliza, "Linakula mafuta sana?"

Yule mwenye gari, baba wa watu, akajibu taratibu, kama anaongea na mgonjwa: "Hapana, dada. Kidogo tu."

Nikageuza, nikawarudisha mjini, nikaegesha vizuri kabisa.

Sasa niko nyumbani, nimekaa, viatu bado viko miguuni. Sijui hata nasikiaje.

Ya ndoa msiniulize kwa leo.
Wenye magari madogo kama hilo, niambieni tu: mvua ikinyesha, njia ya Susuni linapita?