Maelezo Niliyoyafuta

Nakiri mapema: mimi ni mtu wa kurudiarudia. Barua ya mistari miwili naisoma mara kumi kabla ya kuituma. Kazi ya data nilijifundisha mwenyewe kwa simu, kwa hiyo kila siku nilisubiri mtu agundue kwamba sijui kitu.

Katika ofisi yetu ndogo ya Kasulu nilipewa kuandika metadata ya sensa, yaani maelezo yanayomwonyesha mtafiti kila safu ya faili ina nini na swali lake liliulizwaje. Faili lilikuwa na majibu ya mtu mmoja mmoja, ila majina na kata vilikuwa vimeondolewa.

Msimamizi wangu, mama mmoja mzaliwa wa Makere, alikuwa karani wa sensa hiyo upande wa Kibondo. Alikuwa na namna yake ya kukagua. Alisoma maelezo yangu kwenye karatasi, akafumba macho, akajiuliza: nikipanda bodaboda na karatasi hii tu, nitafika kwa nani? Kama hakufika kwa mtu, aliweka alama ya vema.

Siku ya kuliweka faili mtandaoni, alifumba macho kwenye ukurasa mmoja na hakuyafumbua upesi.

“Mwanangu, hapa umenifikisha.”

“Wapi, mama?”

“Mlangoni kwake. Bado kupiga hodi tu.”

Ulikuwa ukurasa niliojivunia kuliko yote. Kuna mwanamke ambaye majibu yake yalipingana: alizaliwa Burundi, lakini ameishi hapa nchini tangu kuzaliwa. Niliogopa watafiti wangedhani tumekosea, nikaeleza kila kitu kutoka kwenye dodoso lake: kwamba aliletwa mgongoni akiwa na siku chache, kata anayoishi, na kazi anayofanya. Kazi hiyo sitaitaja. Katika kata ile anaifanya yeye peke yake.

Mama akanisimulia kwamba dodoso lile alilijaza yeye. Mwanamke yule alikataa kujibu mpaka mama mkwe wake alipokwenda shambani. Ukweni hawakujua alikozaliwa, na kwa maneno yaliyokuwa yakisemwa kijijini juu ya watu wa ng’ambo ya mpaka, aliogopa kufukuzwa na kutenganishwa na wanawe. Mama alikuwa amekula kiapo cha kutunza siri. Akamwambia hakuna atakayejua kwamba jibu lile ni lake.

Hata hivyo, aibu yangu ni hii: nilibisha. Nilisema tukifuta, watafiti watatuona wazembe.

“Waache watuone,” akasema. “Sisi tutalala. Yeye je?”

Nimefanya kazi na watu wanaojua kompyuta kuliko mama yule, na sijamwona aliyeijua data kama yeye. Mimi niliona safu. Yeye aliona ua wa nyumba, na mtu akitazama njia kama mkwe anarudi.

Nilifuta yote nikaandika sentensi moja: baadhi ya majibu yasiyo ya kawaida yamehakikiwa na kuachwa kama yalivyotolewa. Jioni faili likaenda mtandaoni.

Baada ya wiki kadhaa mtafiti mmoja akaandika kwamba metadata yetu ina pengo la aibu, akataja mstari uleule wa majibu ya mwanamke yule. Nilikuwa na jibu lake zuri, kamili, la aya tatu. Vidole viliniwasha. Nikamwandikia kwamba hatuna maelezo ya ziada, nikalituma jibu hilo fupi bila kulisoma mara ya pili.