Balbu Mbovu za Fyuzi

Kaka yangu ni fundi umeme wa magari, na mtaa mzima unamwita Fyuzi kwa sababu hukatika kwa jambo dogo. Mke wake alishamkimbia, akisema hawezi kuishi na mwanamume anayegombana hata na betri. Mimi nina duka la vipuri mlango wa pili kutoka gereji yake. Nilianza na turubai chini na rundo la nati za mitumba, hakuna aliyenishika mkono, kwa hiyo nikisema Fyuzi anaijua kazi, si undugu unaonisemesha. Sina tabia ya kusifu kitu nisichokiuza.

Chukua mfano wa taa ya ndani ya pikapu. Wenzake huchokonoa kifuniko kwa bisibisi kavu, wakaacha paa limechubuka. Yeye huivika bisibisi kitambaa kwanza. Balbu yenyewe ni kidude cha umbo la kidonge, kimebanwa katikati ya vibati viwili. Fyuzi huchomoa waya wa betri, husugua vibati kwa msasa mpaka kutu iishe, halafu huishika balbu mpya kwa kitambaa ili mafuta ya vidole yasibaki kwenye kioo. Akishaifunga, unaisahau.

Sasa ilikuwaje pikapu ya Mama Vitunguu ikawa haimalizi mwezi bila kurudi gereji kwa taa hiyo hiyo?

Mama Vitunguu ni mjane anayebeba vitunguu kutoka mashambani hadi sokoni, usukani anaushika mwenyewe. Sauti yake ni honi ya lori. Huondoka alfajiri, na bila taa ya ndani kila kitu ni kupapasa. Siku moja alikalia miwani yake, akauza mpaka jioni akimwona kila mteja wawili wawili.

Kila pikapu hiyo ilipoingia gereji, Fyuzi alikuja dukani mbio.

"Dada, nipe balbu ile ya hali ya chini."

"Ile haivuki mwezi."

"Hiyo hiyo."

Nilimuuzia. Mteja akitaka sumu ya panya, simuulizi habari za panya.

Halafu kulikuwa na kupima. Taa ya ndani huwaka mlango ukifunguliwa, huzima ukifungwa. Unafungua, unafunga, umemaliza. Ila ya Mama Vitunguu ilipimwa wakiwa wameketi ndani, yeye na Fyuzi, vioo vimepandishwa, vicheko vinasikika hadi kwangu. Nimeona taa nyingi zikipimwa; sijaona nyingine iliyomdai fundi achane nywele kwanza.

Ikafika siku balbu mbovu zikaniishia. Nzuri alizikataa. Akaokota ya wati kumi, na pikapu ile inataka wati tano.

"Utamuunguzia mtu gari," nikamwambia.

"Dada, uza. Usihubiri."

Haikupita wiki, Mama Vitunguu akaegesha katikati ya gereji na kuuacha mlango wazi. Kifuniko cha taa kilikuwa kimegeuka rangi, kimevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Harufu ya plastiki iliyoungua ilivishinda vitunguu.

"Fyuzi, njoo hapa! Nijibu neno moja tu. Hujui kazi, au unaniibia?"

"Mama, umeme una tabia zake..."

"Tabia gani? Magari yote yana umeme, mbona langu tu ndilo lina tabia?"

Kelele zile zilimvusha barabara Injinia. Huyo ni fundi wa gereji ya upande wa pili, na jina la Injinia alijipa mwenyewe. Akachungulia ndani, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Mama, hapa waya zimeoza. Niachie gari, nifumue paa lote, niziweke upya."

"Lote?"

"Lote. Ukichelewa litawaka moto ukiwa njiani."

Mama Vitunguu akamtazama Fyuzi, akatazama funguo mkononi mwake mwenyewe. Kisha akaanza kumnyooshea Injinia zile funguo. Nikajua kaka yangu amebakiwa na pumzi moja tu: akinyamaza, mwanamke na pikapu wanavuka barabara, na hawarudi.

"Paa halina kosa!" akapayuka Fyuzi. "Waya ni nzima. Ni balbu tu. Ninakuwekea mbovu."

"Mbovu?"

"Makusudi."

"Makusudi ya nini, wewe mtu?"

Fyuzi akaivika bisibisi kitambaa, akaivua. "Ili urudi."

Injinia akaangua kicheko mpaka akashikilia boneti. Mama Vitunguu hakucheka. Akarudisha funguo kwenye pochi, akasema, "Fanya kazi yako. Nikuone."

Akaifanya kama anavyoifanya kwa watu wengine wote: betri, msasa, kitambaa, balbu ya wati tano niliyomletea mwenyewe kabla hajaniita. Mama Vitunguu akafungua mlango, taa ikawaka. Akafunga, ikazima. Akarudia, akarudia tena.

"Hii itakaa muda gani?"

"Mwaka. Hata zaidi."

"Na mwaka mzima huo ulikuwa unapanga kuniona wapi?"

Fyuzi, anayejibizana hata na betri, akaanza kuupangusa mlango kwa kitambaa. Injinia akaona hapa hakuna waya wa kufumua, akavuka kurudi kwake.

"Kifuniko changu umekiharibu," akasema Mama Vitunguu, akipanda garini. "Utaniletea kipya nyumbani Jumapili. Uvae shati lisilo na grisi, na usije na bisibisi."

Kabla vumbi la pikapu halijatulia, Fyuzi alikuwa ameegemea kaunta yangu, anataka kifuniko, anataka na bei ya kindugu. Cha mitumba nilikuwa nacho, nikakisukuma chini ya rafu kwa mguu. Nikamtolea kipya, kwenye boksi lake, nikamtajia bei kamili. Mwanamume anayekwenda kuposa habishani bei, na mimi mteja wa namna hiyo sijawahi kumwachia apite.