Sikio la Mwani

Chekeni tu, lakini mimi hadi leo nikipita ule mtaa wa Kariakoo navuta kofia usoni, kwa aibu, na kwa hofu pia.

Mnajua kazi yangu ni kutengeneza mashine za kuchapa karatasi. Kwa kujisomea nilijua kwamba watafiti wa tiba huchukua ute wa mwani, wakauchanganya na chembe hai, wakauchapa tabaka juu ya tabaka, wakitumaini siku moja aliyepoteza kiungo ataoteshewa kingine. Chembe hai sikuwa nazo (nani angenipa?), nilikuwa na unga wa mwani, bomba la sindano na mashine kuukuu niliyoiunda upya, na baada ya majaribio mengi mabovu nikachapa sikio. Daktari mmoja, mteja wangu, akakubali kulitazama, tukaahidiana kukutana Mnazi Mmoja. Sasa jeli ile haina rangi, nikaona hataiona mikunjo vizuri, nikaliloweka sikio kwenye chai ya rangi, likatoka na rangi ya ngozi. Hapo ndipo nilipoharibu.

Jua lilikuwa kali, nikahofia sikio litalainika, nikasimama kwa dada muuza barafu na kumpa kopo nililolitia, limefunikwa kitambaa.

"Shikamoo mzee. Samaki?"

"Marahaba. Weka juu tu, usifunue kitambaa."

Akafunua.

"Mamaaa! Sikio la mtu!"

Wapagazi wakaacha mikokoteni. Mkono mmoja ukanishika ukosi, mwingine mkanda, na mtu nyuma yangu akauliza, kwa sauti ya chini iliyonitisha kuliko zile kelele, "Tairi liko wapi?"

Nikaanza kueleza habari za tabaka (fikirieni!), nikajibiwa kwa kofi.

"Mwenye sikio umemwacha wapi, we mzee?"

Nikawaza: huu ni mwani, unalika, wakiniona naula wataamini. Nikalinyakua sikio, nikaling'ata katikati.

Kisha mtu akasema, "Anamla!" na mikono yote ikaniachia kwa pamoja, watu wakakanyagana kunikimbia, nikabaki peke yangu na nusu sikio mdomoni mpaka askari wakaja kunichukua, nao wakitembea mbali nami.

Daktari alinifuata kituoni, akakitazama kipande kilichobaki.

"Mikunjo umeipata," akasema. "Lakini fundi, ungeshindwa nini kuchapa hata kipande kama cha sabuni?"

Nimeapa: sasa nachapa vipande vya pembe nne tu, bila rangi. Barafu namtuma mke wangu, maana yule dada akiniona kwa mbali huziba masikio yake yote mawili.