Mkalimani Chini ya Birika

Nani alikudanganya kwamba kipya ndicho bora? Mjomba wangu hakudanganywa na mtu, alijidanganya mwenyewe. Ni fundi wa kompyuta katika shule ya sekondari, mwembamba kama waya, flashi zimemning'inia shingoni. Ufunguo wa chumba cha kompyuta hulala nao chini ya mto. Mkewe husema mumewe akiambiwa achague kati yake na ufunguo, ataomba muda wa kufikiri.

Shule ilikuwa ifunguliwe kesho yake aliponipigia simu.

"Njoo, mpwa wangu. Ratiba ya masomo imegoma."

Ratiba ile hupangwa na programu, nayo programu husomwa na programu nyingine, mkalimani wake. Juu ya hapo inahitaji kifurushi, yaani vipande vya programu vya kuisaidia, kilichojengwa tayari na watu wa mbali, kwa ajili ya toleo la zamani la mkalimani huyo. Mjomba alikuwa amemfuta wa zamani na kumweka mpya, kwa mbwembwe zote. Mpya akakitazama kifurushi, akakikataa.

"Sasa umefanyaje?" nikamuuliza nilipofika.

"Nimekibadilisha jina. Kiliandikwa cha toleo la zamani, nikaandika cha jipya. Kikaingia kimya kimya."

"Halafu?"

"Programu ikafa."

"Mjomba, umechukua viatu namba sita ukaandika tisa kwenye soli."

"Lakini mlangoni vilipita," akasema.

Intaneti ya shule ilikuwa imekatika, kwa hiyo yule wa zamani hatukuweza kumpakua tena. Mori ukanipanda. Nikasimama katikati ya chumba nikahutubia: mpaka lini tutakula vilivyopikwa na wengine? Maandishi asilia ya kifurushi yamo kwenye flashi. Tukijenge wenyewe, humu humu! Nikabonyeza. Kioo kikajaa mistari myekundu ya makosa kutoka juu hadi chini.

"Hotuba nzuri," mjomba akasema. "Ila kompyuta haijapiga makofi."

Mwalimu mkuu akachungulia mlangoni, mama mmoja asiyerudia neno. "Bwana Fundi, kesho asubuhi ratiba isipokuwa ukutani, ufunguo huo utakaa kwangu."

"Itakuwepo, Mwalimu."

Alipoondoka, mjomba aliushika ufunguo kama anamshika mtoto mwenye homa. Akatoka kwenda kunywa chai katika chumba cha walimu. Akakawia. Nilidhani amekwenda kulia.

Alirudi amekumbatia kompyuta kuukuu yenye duara la chai mgongoni. Alikuwa ameistaafisha mwenyewe, kwa dharau, kompyuta mpya ilipokuja, na walimu wakaifanya meza ya birika. Ndani yake mkalimani wa zamani alikuwa mzima. Tukahamishia humo programu na kifurushi, jina lake la kweli tukalirudisha, na ratiba ikatoka darasa moja baada ya jingine.

"Usimwambie mtu ilikokuwa," akanisihi.

Asubuhi iliyofuata ratiba ilikuwa ukutani, wanafunzi wameisonga. Mwalimu mkuu alitoka chumba cha walimu na birika linalofuka mvuke mkononi, anatafuta pa kuliweka. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha kompyuta, ngumi imefumba ufunguo. Mama yule akampita, akaingia, akaikagua ile kuukuu iliyokuwa ikinguruma mezani. Kisha akalitua birika juu ya kompyuta mpya, akamimina kikombe kimoja, akampa mjomba.

"Kunywa kabla haijapoa, Bwana Fundi."

Ufunguo hakuuulizia.