Risasi ya Nane

Mimi ni mtu wa kushuku, na kwa miaka mingi nilidhani hiyo ndiyo akili. Nikiambiwa mizani iko sawa, napanda juu yake mwenyewe kwanza. Nikiletewa sanduku la samaki, nawaacha wale wa juu wanaong'aa, nachomoa yule wa chini kabisa na kumfunua mashavu. Mama yangu mzazi alikuwa akisema kwamba hata nilipokuwa nanyonya nilifungua jicho moja kumwangalia.

Tabia hiyo ilinifaa miaka ya soko huria. Viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguliwa kando ya ziwa, na yeyote mwenye pikapu na masanduku ya barafu alijiita mfanyabiashara. Nilikuwa mmoja wao. Asubuhi naondoka na dereva wangu nyumbani kwangu Igogo, tunazunguka kwenye mialo, fukwe ambako wavuvi hushusha samaki, kununua sangara, kisha nawahi kuwafikisha kiwandani kabla barafu haijaisha. Nilitembea na fedha taslimu, na kila mwizi wa mkoa ule alijua. Mnunuzi mwenzangu alipovamiwa njia ya Usagara na kuachwa amefungwa kamba kando ya gari lake, nikaomba kibali cha kumiliki bastola. Nikahojiwa, nikaandikwa, nikasubiri miezi, nikapewa.

Hakuna aliyenionya habari ya springi. Bastola yenyewe ilikuwa nzuri, na nikiwa nayo kiunoni nilijiona mtu. Lakini ndani ya mpini wake kulikuwa na magazini, kile kisanduku chembamba cha chuma ambamo risasi hupangwa moja juu ya nyingine, na ndani ya magazini kulikuwa na springi mpya iliyokataa katakata kukandamizwa. Risasi ya kwanza iliingia kwa heshima. Ya pili na ya tatu vivyo hivyo. Kuanzia ya tano ilikuwa vita. Unatakiwa uikandamize iliyotangulia kwa dole gumba, kisha uisukume mpya kwa nyuma ipite chini ya midomo miwili ya chuma iliyo juu ya magazini. Ukilegeza kidogo tu, risasi inaruka na kubingirika chini ya kitanda, na wewe unaifuata kwa magoti.

Magazini ile ilikuwa ya risasi nane. Mimi niliishia saba. Ya nane sikuiweza hata siku moja, na si kwamba sikujaribu. Nilijaribu kwa dole la kulia, la kushoto, yote mawili, nikajaribu na mpini wa kijiko. Nikimaliza, dole gumba lilikuwa na mistari miwili myekundu, imechimbwa na ile midomo, na mistari hiyo ilikaa siku nzima. Askari mstaafu aliyenifundisha silaha aliniambia niiache imejaa siku kadhaa, springi itazoea yenyewe. Nikamwuliza nitaijazaje ili niiache imejaa. Akacheka. Risasi zilizobaki nikaziweka kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati la chumbani, nikaridhika na saba zangu.

Nyumbani bastola ilikaa kwenye droo kando ya kitanda. Nikirudi kutoka kiwandani nilikula, nikaoga, kisha nikalala kidogo mchana. Siku moja katika usingizi huo nikasikia kitu nyuma ya pazia. Kabla sijafumbua macho vizuri, bastola ilikuwa mkononi. Pazia likacheka. Alikuwa binti yangu wa mwisho, wa miaka mitano, amejificha ili wenzake wasimwone. Nikacheka na mimi, nikamwambia akacheze nje. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maziwa, maana alikuwa na ng'ombe wawili bandani nyuma ya nyumba. Yeye hakucheka. Nikamwambia mbona hakuna kilichotokea, akasema sawa, na kwangu mambo yaliishia pale.

Miezi miwili baadaye nilikuwa kwenye mwalo mmoja, nimekaa ndani ya pikapu nikisubiri mitumbwi, nikachomoa magazini kuitazama. Ubavuni mwake kuna matundu madogo yanayokuonyesha risasi zilizomo. Tundu la chini kabisa, ambalo siku zote lilikuwa jeusi, lilikuwa linang'aa shaba. Nikazitoa zote juu ya kiti na kuzihesabu. Zilikuwa nane.

Mtu akikuibia risasi, unaelewa. Mtu akikuongezea, je? Kuna mtu aliingia chumbani kwangu, pengine akazitoa zote na kuzirudisha, na akaiweza hata ile iliyonishinda mimi. Anazitoa ili iweje? Jibu lilikuja lenyewe. Anajizoeza, ili siku moja asizirudishe, nami nifike njia ya Usagara na chuma kitupu kiunoni.

Nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, na siku iliyofuata, nikiwa mwaloni mbali na macho ya nyumbani, nikapaka doa jekundu kwenye risasi ya juu kabisa. Kesho yake, mwaloni tena, doa lilikuwa kwenye risasi ya nne. Nikazipanga upya, saba zangu, doa likawa juu tena. Keshokutwa lilikuwa chini kabisa. Basi haikuwa mara moja, ilikuwa kila siku. Sikumwambia mtu. Hata mke wangu nilimnyima habari hiyo, nikijidai namkinga na hofu.

Nilichokuwa nacho mkononi ni ile mistari miwili. Aliyeingiza risasi ya nane lazima awe nayo kwenye dole gumba. Nikaanza kusalimiana na watu. Mimi ambaye salamu yangu ilikuwa kuinua nyusi, nikawa nampa kila mtu mkono, naushika, naugeuza, namwuliza habari za watoto na za mvua huku namkagua dole. Jirani nilimkagua. Fundi aliyekuwa akitutengenezea banda nilimkagua. Katekista alikuja kuandikisha watoto wa mafundisho, nikamshika mkono mpaka akadhani nina tatizo la kiroho. Na kwa kuwa vyama vingi vilikuwa vimeshaingia, Igogo nzima ikasema nautaka udiwani. Mtu mmoja alinifuata hadi kwenye gari kuniuliza chama gani. Mama mkwe wangu alikuja akakaa nasi wiki mbili, na kwa kuwa kwetu mtu hamshiki mkwe wake mkono, sikuweza kumkagua, nikamshuku kuliko wote.

Mkwe akaenda zake, na doa likaendelea kuhama. Aliyebaki ni dereva wangu.

Alikuwa mtu wa Ukerewe, mkimya, mwenye viganja vipana, ananizidi kama miaka sita. Nilikuwa naye tangu pikapu ya kwanza. Kwa umri wake nilipaswa kumwamkia, lakini bosi ni mimi, kwa hiyo nilikuwa napitia kwenye "habari za asubuhi" na yeye aliitikia bila kinyongo. Kila asubuhi alikunywa chai sebuleni kwetu, hatua chache kutoka mlango wa chumba changu, wakati mimi naoga na mke wangu yuko bandani anakamua. Hivyo ndivyo nilivyopanga kichwani, na mpango huo ulinipendeza.

Asubuhi moja nikampa mkono. Alishangaa, akanipa wake. Juu ya dole gumba la kulia kulikuwa na mistari miwili.

"Umefanya nini hapa?"

"Spana, bosi. Si jana tulibadilisha tairi?"

Nilikuwa najua tairi limebadilishwa. Nilikuwa nimesimama palepale namshikia nati. Lakini nilikuwa nimeutafuta mkono huo majuma mengi, na sasa kwa kuwa nilikuwa nimeupata, sikuwa tayari kuuachia kwa ajili ya tairi. Nikamwambia sina kazi naye tena.

"Kwa kosa gani?"

"Unalijua mwenyewe."

Akaweka funguo za gari mezani. Akamaliza chai yake taratibu, akashukuru kwa chai, akaondoka. Utulivu ule nikauhesabu kuwa ushahidi wa mwisho.

Mchana nilirudi nikiwa nimeendesha mwenyewe, na mke wangu akaleta maji ya kunawa. Kwetu mke humnawisha mumewe. Anashika jagi kwa mkono mmoja na beseni kwa mwingine, mume ananyoosha mikono. Nilikuwa nimenyoosha mikono hivyo miaka kumi na miwili. Nikawa namsimulia, kwa majivuno nakiri, jinsi nilivyomnasa dereva: tundu lililong'aa, doa la rangi, mistari miwili kwenye dole. Maji yakaacha kutiririka.

"Umemfukuza kwa hilo?"

"Ana bahati sikumpeleka polisi."

Akaweka jagi chini, akaweka na beseni. Kisha akanyoosha dole gumba lake mbele ya uso wangu. Mistari ilikuwa pale, mipya juu ya ya zamani, na ile ya zamani imeota sugu. Nilikuwa nimeshika mikono ya Igogo nzima, lakini nani husalimiana kwa mkono na mkewe?

"Tangu siku ya pazia," alisema. "Mchana ukiingia kuoga, nazitoa, ili ukilala isiwe na kitu. Asubuhi ukiingia kuoga, nazirudisha, ili njiani uwe nazo. Halafu ndiyo naenda bandani."

"Na ya nane?"

"Siku moja mtoto aliniita, nikazimwaga haraka kwenye kopo pamoja na zile nyingine. Asubuhi nikaingiza mpaka ikajaa. Sikujua kama wewe unaishia saba."

"Umeiwezaje?" Kati ya maswali yote, hilo ndilo lililonitoka, Mungu anisamehe.

"Nakamua ng'ombe tangu nina miaka saba, baba watoto."

Nikamwambia kwamba siku ya pazia sikufyatua. Akasema anajua sikufyatua.

"Lakini mimi nilikuwa mlangoni, naona kidole chako kimeshaingia kwenye kifyatulio. Wewe ulikuwa bado usingizini. Ningekuambia nini? Ulicheka. Ningesema nizitoe risasi, ungeihamisha bastola ukaificha nisikokujua. Halafu siku moja nikakuta rangi yangu ya kucha kwenye risasi. Nikasema, basi ameshajua, na ameniachia. Nilikushukuru moyoni mwangu."

Kwa doa lile moja yeye alikuwa amenifikiria vizuri, na mimi nilikuwa nimemfikiria vibaya kila mtu aliyenipa mkono. Niliona aibu, aibu ya kutotaka kuinua macho kwenye sahani. Ugali ulipoa. Binti yangu akaingia kuuliza kama nimemaliza kula ili acheze na jagi, nami nikaliangalia lile pazia nyuma yake, kwenye mlango wa chumbani, nikamsogezea jagi.

"Kamrudishe yule baba wa watu," mke wangu alisema. "Watoto wake wanasoma."

Jioni hiyohiyo niliirudisha bastola kituoni pamoja na kopo na risasi zake zote. Askari wa zamu akaniuliza kama imeharibika. Nikasema haijaharibika, springi yake ni nzuri sana.

Dereva hakuwepo alikopanga. Jirani zake walisema amechukua mke na watoto na kurudi kwao, na hakusema sababu, kwa sababu mwenyewe alikuwa haijui. Kesho yake nikapanda meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: kwamba nitamwongezea mshahara, kwamba kazi ya njiani inamtia mtu wasiwasi, kwamba hata yeye angeshuku. Ya mwisho niliyatupa kabla hatujafika, maana sikuamini hata mimi kwamba angeshuku.

Nilimkuta uani kwake, baiskeli ya mtu imepinduliwa mbele yake, anafunga mnyororo. Mkewe aliponiona akaingia ndani bila kunikaribisha. Nilisimama mbele yake, na jambo ambalo sikuwahi kulifanya miaka yote ya pikapu likanitoka kwa sauti ndogo.

"Shikamoo, kaka."

Hakuitikia. Aliweka spana chini, akachukua kitambaa, akajifuta grisi, kidole kimoja kimoja, bila haraka, kama alivyokunywa ile chai. Kisha akanyoosha mkono wa kulia kuelekea kwangu, kiganja chini, dole gumba limetengwa na vidole vingine ili nilione vizuri. Mistari ilikuwa imeshafutika.

"Kagua kwanza," alisema. "Ukimaliza, nitakuitikia."

Mkono ulikuwa palepale umenyooshwa, nami sikuwa na ujasiri wa kuushika.