Chumvi ya Mutani

Naomba musamaha kwanza kwa maandishi yangu. Herufi zangu zinalala upande mumoja kama matete wakati wa upepo, na mara nyingine sijui neno linaishia wapi. Kuandika nilijifunza kwa Kiswahili, ng'ambo ya ziwa, kwenye shule ya mapadri, mpaka primeri ikaisha nami nikaishia hapo. Nyumbani kwetu Nchelenge tunasema Kibemba, lakini Kibemba nikikiandika kinatoka kama cha mutu mwingine. Mukikuta kosa, mulisahihishe kichwani mwenu na kuendelea.

Nilifika ng'ambo kwa sababu ya kaka yangu mukubwa, ambaye tunamwita yaya. Alifanya kazi Kilwa, ule muji wa Kongo unaotazamana nasi, kwa mufanyabiashara aliyenunua samaki, akawatia chumvi na kuwapeleka Lubumbashi kwa kamyo. Nchi ilikuwa imeanza kuitwa Zaire, lakini sisi watu wa ziwani tuliendelea kusema Kongo, maana boti zilikuwa zilezile. Mimi nililala kwa yaya, nikasoma, nikamupikia. Kisha yule patroni akahamisha biashara yake, kazi ikaisha, tukarudi nyumbani.

Yaya alirudi na redio, baiskeli, na suruali yenye miguu mipana kama ya tembo. Watu walikuja kumutazama. Mama alipika kuku. Kwa muda kidogo yaya alikuwa mutu wa Kongo, hata akasahau maneno fulani ya Kibemba, akawa anayatafuta hewani kwa vidole.

Jambo ambalo hakusema ni kwamba alikuwa ameacha madeni, na deni linajua kupanda boti kama mutu yeyote. Wa kwanza kufika alikuwa mushonaji wa ile suruali. Hakugombana. Alikaa, akala ugali, akaeleza habari za Kilwa, na jioni akarudi kwao na redio. Baba alisema si kitu, kwa kuwa mawe ya redio, yaani betri, yalikuwa ghali. Wa pili alikuwa mwanaume aliyemukopesha yaya pesa ya baiskeli. Huyo alirudi na baiskeli. Baada ya hapo yaya akawa karibu sawa na alivyokuwa kabla ya kwenda Kongo, ila suruali.

Lakini deni kubwa lilikuwa la chumvi. Yaya, katika miezi yake ya mwisho Kilwa, alitaka naye kuwa mufanyabiashara. Akakopa mifuko ya chumvi kwa mwanamuke mumoja muuzaji, akanunua samaki wa kwake, akawapasua, akawatia chumvi, akawaanika. Mvua ikanyesha siku zote ambazo samaki walihitaji jua. Samaki wakaoza, na chumvi ikaoza pamoja nao, ikiwa chumvi inaweza kuoza.

Sasa lazima nieleze jambo la ukoo, kwa sababu bila hilo hamutaelewa. Kwetu mutoto ni wa ukoo wa mama yake. Mama ni wa ukoo wa samaki, kwa hiyo yaya na mimi ni samaki. Yule mwanamuke wa chumvi ni wa ukoo wa mamba. Samaki na mamba, pande zote mbili za ziwa, ni watani. Kwa Kibemba tunasema banungwe. Mutani anaweza kukutukana mbele ya watu, kukuvua kofia, kuingia jikoni mwako na kuondoka na sufuria, na siku ukifa ndiye anayekuzika na kukucheka kaburini. Wewe huruhusiwi kukasirika. Anayekasirika anatozwa faini, na watu wanamwona hana malezi.

Yaya alikopa kwa yule mwanamuke kwa sababu ni mutani, na mutani hanyimi. Hapo hakukosea. Alikosea katika yaliyofuata. Yule mama alidai chumvi yake kwa namna mutani anavyopaswa kusema na mutani wake, yaani kwa matusi. Alimwita yaya samaki muoza sokoni, mwizi wa chumvi, tumbo la kambare. Yaya alifanya vile mutani anavyopaswa kufanya: alicheka na kujibu matusi. Watu wakacheka. Yule mama naye akacheka. Yaya akarudi nyumbani akiwa na uhakika kwamba jambo limepita vizuri.

Musimu wa kiangazi ulipoanza yule mama wa chumvi alikuja Nchelenge mwenyewe. Alikuwa mwanamuke munene, mwenye kitenge cha rangi ya machungwa, na sauti iliyofika kwetu kabla yake.

"Bwana yangu iko wapi?" aliuliza. Watani wa kike na wa kiume huitana hivyo. "Mamba iko na njaa."

"Iko nyuma ya nyumba, anajificha na kuku," mama akamujibu. "Anza na kuku. Yeye iko mifupa tupu."

Yaya akatoka akiwa amevaa suruali yake. Akauliza ni mwanamuke gani huyu ambaye meno yake yanaingia mu nyumba ya watu kabla ya yeye mwenyewe kuingia.

"Samaki muoza, lete chumvi yangu," yule mama akasema. "Ao nitakutia chumvi wewe mwenyewe, nikuuzishe Lubumbashi."

"Jaribu. Miye ninaoza mu njia, mbele ya kufika."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Majirani walikuja kusikiliza. Mimi nilisimama kando ya mulango, kwa kuwa sijui utani. Nikitukanwa nanyamaza, na nikinyamaza watu wanadhani nimekasirika.

Walipochoka kucheka, yule mama akatembea katika lubanza yetu, yaani uwanja wa nyumba, akitazama vitu, kama mutu anayechagua nyanya. Wavu ulikuwa umeanikwa kwenye miti. Ulikuwa wavu wa nailoni, mupya bado, na ndio uliokuwa unatulisha sisi wote. Akautoa, akaukunja vizuri, akaubeba begani.

"Huyu ndiye bwana yangu sasa," akasema. "Anashika samaki kuliko wewe."

Tukacheka tena. Tulimusindikiza mpaka kwenye boti, tukicheka. Boti ilipokuwa mbali, mama aliacha kucheka na kuuliza kesho tutakula nini.

Baba hakuwepo. Alikuwa amekwenda Kafutuma kumwona ndugu yake aliyelazwa kwenye kliniki. Aliporudi akakuta miti mitupu, akauliza wavu uko wapi. Mama akamweleza. Alieleza vizuri, na meno ya mamba, na Lubumbashi, na watu wengine wakaanza kucheka upya. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Baba ni mutu wa ukoo wa mbuzi. Mbuzi na mamba hawana utani, ingawa mutu angefikiri wanao. Wavu ulikuwa wake, aliununua kwa jasho la mikono yake.

"Nyinyi mulikuwa na ruhusa ya kucheka," alisema. "Wavu haukuwa na ruhusa ya kwenda."

Hapo ndipo tukaelewa. Yule mama alidhani amechukua kitu cha samaki, na kitu cha samaki angeweza kuchukua mchana, mbele ya watu, bila kesi. Lakini alikuwa amechukua kitu cha mbuzi, na hiyo kwetu inaitwa wizi. Baba angeweza kwenda kwa chifu. Mama alimuomba asiende. Alisema yule mwanamuke ni mutani, ndiye atakayemuosha yeye akifa, na huwezi kumupeleka kwa chifu mutu atakayekuosha. Baba akajibu kwamba yeye hata kabla ya kuoshwa anataka kula.

Kwanza walijaribu kwa mujomba, kaka ya mama, anayevua samaki huko Puta. Kwa desturi yetu, deni la mutoto ni mzigo wa mujomba. Mama akatuma habari kwa dereva wa kamyo. Jibu lilirudi kwa dereva yuleyule: mujomba amesikia, na kwa kuwa yeye pia ni samaki, amecheka sana.

Basi baba akaamua kuvuka. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia na kuuzia tu, na alihofia maneno ya watu wa duane, wale wa forodha, bandarini, kwa hiyo akanichukua mimi. Mimi sikutaka. Nilijua nikifika kwa yule mama itabidi nimusalimie kama mutani, maana mimi ni samaki, na kumusalimia kwa heshima kungekuwa dharau. Njia nzima ziwani nilitengeneza tusi moja. Nililirudia rohoni mpaka Kilwa ikaonekana.

Bandarini mutu wa duane aliuliza tumekuja kufanya nini. Nikamwambia kwamba baba anatafuta wavu wake. Akaandika "biashara".

Tulimukuta yule mama kwenye stoo yake, amekaa kati ya mifuko ya chumvi, akipepeta maharagwe katika sahani kubwa ya bati. Wavu wetu ulikuwa umening'inia ukutani. Haukuwa umelowa, hakuna mutu aliyeutumia. Nikasogea, nikasema tusi langu.

"Nini?" akauliza.

Nikarudia. Lilikuwa kuhusu meno ya mamba na ufagio. Mara ya pili halikuwa na nguvu hata hiyo ya mwanzo.

Alinitazama kwa huruma. "Huyu banamusomesha nini?" akamuuliza baba. "Hata kutukana hajue."

Baba hakucheka. Alivua kofia, akakaa kwenye mufuko, akasema kwa Kiswahili chake polepole, neno kwa neno, kama anahesabu samaki:

"Mama, miye hapana samaki. Miye mbuzi. Ule wavu ni wangu."

Mukono wa yule mama ulisimama juu ya sahani. Alitazama wavu, akamutazama baba, akanitazama mimi ili nimwambie kwamba ni utani. Sikusema kitu. Kwa mara moja katika maisha yangu kunyamaza kwangu kulieleweka sawasawa.

Aliinuka, akautoa wavu ukutani yeye mwenyewe, akauweka kwenye magoti ya baba. Kisha akaenda nyuma, akarudi na kuku jike, akamuweka miguuni pa baba, kwa sababu aliyechukua kitu cha mutu asiye mutani wake lazima atoe kitu. Akapiga magoti kidogo. Nilikuwa sijawahi kumuona akifanya jambo bila kelele. Tena machozi yalimutoka, na mimi nikatazama chumvi.

"Baba, unisamehe," alisema. "Lakini unisikilize na miye. Mwaka muzima ninatafuta mu nyumba yenu mutu mwenye hatacheka. Ile chumvi nilikopa miye pia. Mwenye chumvi ananidai, na yeye hapana mutani wangu. Mutoto wako nikimwambia, anacheka. Nikimutukana, anacheka. Nikilia, atasema mamba inalia vile. Nimwambie namna gani?"

Baba aliukunja wavu magotini. Kuku alikuwa ameanza kula maharagwe yaliyoanguka. Mwishowe baba alieleza, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kibemba ambacho yule mama alikisikia vizuri kumbe, kwamba yeye hawezi kulipa deni la ukoo wa samaki. Si kazi ya mbuzi, na akianza hapo hatamaliza. Lakini yaya anakula kwake, na mutu anayekula kwako unaweza kumutuma. Atamutuma Kilwa. Huko yaya atapasua samaki na kutia chumvi katika stoo ya mama huyu, bila mushahara, mpaka deni liishe. Walimuita jirani mumoja, fundi wa kutengeneza boti, ambaye si samaki wala mamba, asimame shahidi. Aliuliza mara mbili kama ni mambo ya kweli. Wakamwambia ni ya kweli.

Tulirudi na wavu na kuku. Baba aliposema habari, yaya alicheka. Baba hakucheka, na baada ya muda yaya akaacha, kisha akaenda kufunga vitu vyake. Suruali aliiacha, alisema kazi ya chumvi itaiharibu. Mama akaikata, akatoa kaptula mbili, na kitambaa kikabaki.

Kwa hiyo yaya amerudi kufanya kazi ng'ambo. Sasa anapasua samaki mchana kutwa, na mikono yake imechanika kwa chumvi. Wavu unatulisha. Mama anavuka tena na unga wake wa muhogo kuuza Kilwa, na yeye na mamba wanatukanana sokoni kama zamani, na watu wanakuja kusikiliza. Hilo limetengenezeka.

Tatizo ni hili. Kiangazi kilipoisha yaya alimuuliza yule mama kama deni limekwisha. Akajibu, "Bado, bwana yangu. Nitakuachia siku utaota miguu." Alisema hivyo akicheka. Yule fundi wa boti, shahidi wetu, amehamia Pweto kwa binti yake. Baba anasema yeye amevuka mara moja na ilitosha. Mama anasema ni utani, deni limekwisha, yaya arudi. Yaya mwenyewe anasema hawezi kuondoka, kwa sababu safari iliyopita aliondoka akidhani ni utani, na munajua ilivyokuwa. Ameniambia nimuulize mimi yule mama, kwa kuwa sichekeshi. Nilikwenda. Nilipofika mulangoni aliniambia nimutukane kwanza, nikarudi botini.

Ninyi munaosoma haya, kama kuna mutu wa ukoo wa mamba kati yenu, au mutu aliyewahi kukopa kwa mutani wake na akajua siku deni lilipoisha, naomba aniandikie. Aseme tu mutani anatumia neno gani akitaka ueleweke kwamba umemaliza. Barua amupe mwenye boti yeyote anayekuja Nchelenge siku ya soko, amwambie ni ya nyumba ya baba wa mbuzi na watoto samaki. Yaya anangoja huko, na mvua zinakaribia.