Habari ya Panya Niliyomficha Baba

Daktari alipotuambia kwamba baba ana saratani ya ini, alitupa tarehe ya kurudi kwa vipimo zaidi ndipo waamue matibabu. Tukavuka kivuko, tukarudi kwetu Timbwani. Baba akaketi barazani, akaniuliza mimi, mtoto wake pekee aliyefika chuo kikuu, kama kweli ugonjwa huu hauna dawa. Mimi na ujuaji wangu nikamwambia nitaitafuta.

Wiki hiyo nikapata makala ya Kiingereza kwenye simu. Ilieleza habari za kapsaisini, kemikali inayoifanya pilipili iwashe, na jinsi ilivyozuia uvimbe wa saratani ya ini usikue. Nikamfasiria baba sentensi baada ya sentensi. Nilipofika palipoandikwa kwamba waliojaribiwa ni panya, na kwamba kwa binadamu bado haijulikani, nilimtazama. Macho yake, yaliyogeuka manjano kwa ugonjwa, yalikuwa yamejaa tumaini. Nikairuka sentensi ile.

Baba hakuwa mlaji pilipili hata kidogo. Mama aliuza mihogo ya kukaanga kwa pilipili karibu na kivuko, na alimtania miaka yote kwamba mume wa muuza mihogo anakimbia pilipili. Sasa ndiye aliyemtwangia pilipili kichaa, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Baba alimeza huku jasho likimtoka na machozi yakimbubujika. Midomo ikachubuka. Akakonda, tumbo likajaa maji, na bado akasema anaihisi ikifanya kazi. Nilikuwa nikitoka nje ili nisimwone.

Siku ya miadi ilipofika, alikataa kwenda.

"Ya nini kuvuka ng'ambo, na dawa iko jikoni?"

Mama akamuunga mkono, kwa sababu aliniamini mimi. Miadi ya pili nayo ikapita vivyo hivyo. Nilijichukia, lakini nilinyamaza.

Asubuhi moja baba akaniita.

"Abee, baba."

"Hao waliopona kwa pilipili ni watu wa nchi gani, mwanangu? Nataka kuwaombea dua."

Machozi yalinitangulia. Nikamwambia hawakuwa watu, walikuwa panya. Nikamwambia pia kwamba nililiona neno hilo tangu siku ya kwanza, nikaliruka makusudi.

Baba akanitazama usoni.

"Na hao panya, walipona?"

"Uvimbe wao ulipungua, baba."

"Alhamdulillahi," akasema, na wallahi hakuwa na kejeli yoyote. Kisha akaomba kanzu safi, twende hospitali.

Daktari alimpapasa tumbo, akatazama picha mpya, akavua miwani. Akasema kilichobaki sasa ni kumpunguzia maumivu tu. Halafu akatugeukia, akauliza kwa nini tulikawia kiasi kile. Nikafungua kinywa. Baba akanishika mkono, akanitangulia kusema.

"Ni mimi, daktari. Niliogopa. Huyu binti yangu alinisihi kila siku nije, nami nikamkatalia."

Daktari akainama, akayaandika maneno hayo kwenye faili, nami nikamwacha aandike.